Kukokotoa kanda za nishati za grafini bandia ya vitone vya kwanta bila pengo la uongo: mwongozo kamili

Mchoro ninaoletewa mara kwa mara ni uleule. Kanda mbili za nishati (ngazi za nishati ambazo elektroni inaweza kukaa) zinakaribiana kwenye nukta ya K, kona ya eneo la mawimbi ya latisi, zinabaki na upenyo mwembamba, kisha zinaachana. Aliyeuchora anaamini amegundua pengo la nishati katika grafini bandia, yaani latisi ya vitone vya kwanta (visima vidogo vinavyonasa elektroni) vilivyopangwa kama atomi za grafini.

Hajagundua kitu. Kama vitone viwili vya ndani ya seli ni pacha, vimepangwa kama sega la nyuki, na hakuna uga wa sumaku, basi kanda hizo lazima zigusane. Ulinganifu wa kuzungusha latisi kwa nyuzi 120, pamoja na upacha huo wa vitone, unazilazimisha. Pengo limeingizwa na hesabu yenyewe, na huwa linaingilia milango ileile minne au mitano.

Hapa tunakokotoa kanda za elektroni zinazotembea kwenye tabaka jembamba la GaAs (galiamu arsenaidi, nusu-kipitishi) lililochorwa vitone vya kwanta. Njia ni ya mawimbi bapa: tunaiandika elektroni kama jumla ya mawimbi sahili. Ukifuata hatua kwa mpangilio, kila hatua ina namba ya kujipimia kabla ya kwenda mbele.

## Unachohitaji

- Kompyuta yoyote yenye Python, NumPy na SciPy. Matriksi zetu ni ndogo, hata kompyuta ya zamani inatosha.
- Karatasi na kalamu. Hatua ya 4 inafanywa kwa mkono, usiiruke.
- Umbali wa kurudia wa latisi: a = nm 100.
- Nusu kipenyo cha kitone: R = nm 20.
- Kina cha kitone: V₀ = meV 5 (meV ni mili-elektrovolti).
- Kigawo cha nishati ya mwendo, ħ²/2m: 568.7 meV·nm².

Namba hiyo ya mwisho inatoka hivi: kwa elektroni huru, ħ²/2m ni 38.1 meV·nm². Ndani ya GaAs elektroni inajiendesha kana kwamba tungamo lake ni 0.067 tu ya lile la elektroni huru, kwa hiyo gawanya 38.1 kwa 0.067. Kuanzia hapa kila urefu uwe wa nanomita na kila nishati iwe ya meV. Usilete mita wala joule katikati ya safari.

## Hatua ya 1: Tenganisha a na d

Katika sega kuna urefu wa aina mbili. a ni umbali kati ya seli moja na inayofuata. d ni umbali kati ya kitone na jirani yake wa karibu kabisa. Uhusiano wao ni d = a/√3, kwa hiyo a ya nm 100 inatoa d ya nm 57.7.

Makala nyingine hutaja a, nyingine d, na baadhi huita vyote viwili "umbali wa latisi". Ukizichanganya, nishati zako zinakosea mara 3, kwa kuwa nishati ya mwendo inafuata kinyume cha mraba wa urefu. Mimi nimewahi kulala na kosa hili siku mbili nikilaumu SciPy.

Kipimo: R lazima iwe chini ya nusu ya d, yaani chini ya nm 28.9. Ikizidi hapo, vitone vinapandana.

## Hatua ya 2: Andika vekta, kisha uitafute K mwenyewe

Vekta za latisi:

- a₁ = a(1, 0)
- a₂ = a(1/2, √3/2)

Vekta za upande wa mawimbi (reciprocal lattice kwa Kiingereza):

- b₁ = (2π/a)(1, −1/√3)
- b₂ = (2π/a)(0, 2/√3)

Zihakiki: a₁·b₁ na a₂·b₂ zitoe 2π, a₁·b₂ na a₂·b₁ zitoe sifuri.

Kwa vekta hizi, K = (2b₁ + b₂)/3, yaani (4π/3a, 0), na urefu wake ni 0.0419 kwa kila nanomita. M, nukta ya katikati ya ukingo wa eneo la mawimbi, ni (b₁ + b₂)/2.

Tahadhari. Huu ndio mlango wa kwanza wa pengo la uongo. Vitabu vingi vinaandika K kama (1/3, 1/3). Ni sahihi kwa mwandishi aliyechagua a₁ na a₂ zenye pembe ya nyuzi 120 kati yake. Sisi tumechagua nyuzi 60. Ukinakili (1/3, 1/3) kwenye vekta zetu, unaangukia kwenye theluthi mbili ya njia ya kutoka Γ (kitovu cha eneo la mawimbi, k = 0) kwenda M, mahali ambapo kanda hazina sababu yoyote ya kugusana. Mchoro utatoka mzuri, laini, na wa uongo.

Kipimo: urefu wa K, wa K − b₁ na wa K − b₁ − b₂ uwe sawa kabisa. Kama hauko sawa, hiyo si K.

## Hatua ya 3: Geuza vitone kuwa vijenzi vya Fourier

Kila kitone tunakichukulia kama kisima cha duara chenye ukingo wima. Vitone viwili vya seli vinakaa kwenye +(a₁+a₂)/3 na −(a₁+a₂)/3, na asili ya mhimili iko katikati ya pembesita. Kwa G = m·b₁ + n·b₂, m na n zikiwa namba nzima:

V(G) = −V₀ · (2πR²/A) · [J₁(GR)/(GR)] · 2cos(2π(m+n)/3)

A ni eneo la seli, √3a²/2. J₁ ni kitendaji cha Bessel. Pale G inapokuwa sifuri, weka 1/2 mahali pa J₁(GR)/(GR), la sivyo kompyuta itagawanya kwa sifuri.

Sehemu ya mwisho, ile ya kosini, ndiyo inayobeba umbo la sega, na ndiyo watu wanayoisahau. Kwa G = 0 inatoa 2. Kwa vekta sita fupi za kwanza inatoa −1, na hiyo alama ya kutoa inafanya kazi kubwa: kina cha vitone (hasi) kinazidishwa na hasi, na V₁, yaani V(G) ya vekta hizo sita, inakuwa chanya.

Tafakari maana yake kidogo. Elektroni inayoona mashimo yaliyopangwa kama sega inaona pia, kwa upande wa pili wa jambo lilelile, vilima vilivyopangwa kwa pembetatu katikati ya pembesita. Ndiyo maana maabara zinaweza kutengeneza grafini bandia kwa njia mbili: kuchimba visima kwenye sega, au kusimamisha vilima kwenye pembetatu. Kwa mawimbi ya kwanza hesabu haioni tofauti.

Kipimo: V(0) = −1.451 meV, na V₁ = +0.551 meV.

Ukipata V₁ hasi, umeweka kitone kimoja tu kwa seli. Hapo K itakuonyesha mguso kati ya ukanda wa 2 na wa 3, huku ukanda wa 1 ukiwa peke yake chini. Wengi huona nafasi kati ya 1 na 2 na kutangaza pengo.

## Hatua ya 4: Mawimbi matatu kwa mkono

Kwenye K, mawimbi matatu yana nishati sawa ya mwendo, E_K: 568.7 × 0.0419², karibu meV 1.00. Kila moja limeunganishwa na mengine mawili kwa V₁. Matriksi ya 3×3 ya namna hii inatatuliwa bila kompyuta:

- nishati mbili zilizo sawa: E_K + V(0) − V₁ = meV −1.00
- nishati moja ya juu: E_K + V(0) + 2V₁ = meV 0.65

Zile mbili zilizo sawa ndizo nukta ya Dirac, mahali kanda mbili zinapogusana. Ziko chini kwa sababu V₁ ni chanya.

Ungali na kalamu mkononi, kagua M. Pale kuna mawimbi mawili yenye nishati ya mwendo ya robo tatu ya E_K, na V₁ inayatenganisha: meV −1.25 na meV −0.15. Ile ya juu lazima iwe juu ya nukta ya Dirac. Kwa ujumla sharti ni V₁ > E_K/8. Sisi tunayo 0.551 dhidi ya 0.125, tuko salama. Vitone vikiwa hafifu kuliko hapo, koni (umbo la kanda mbili karibu na nukta ya Dirac) bado ipo, lakini hali za karibu na M zinajaa kwenye nishati ileile na kuifunika.

Kwa nini kujisumbua na mkono? Kwa sababu sasa una jibu ambalo programu yako lazima ilirudie. Programu isiyo na jibu la kulinganisha haina wa kuisuta.

## Hatua ya 5: Matriksi kamili, na uchaguzi wa mawimbi

Hii ndiyo hatua inayowaangusha hata waliobobea, kwa hiyo tutakaa hapa.

```python
import numpy as np
from scipy.special import j1

a, R, V0, c = 100.0, 20.0, 5.0, 568.7
eneo = np.sqrt(3)/2 * a**2
b1 = 2*np.pi/a * np.array([1, -1/np.sqrt(3)])
b2 = 2*np.pi/a * np.array([0,  2/np.sqrt(3)])
B = np.linalg.norm(b1)

def V(m, n):
    x = np.linalg.norm(m*b1 + n*b2) * R
    umbo = 0.5 if x < 1e-9 else j1(x)/x
    sega = 2*np.cos(2*np.pi*(m+n)/3)
    return -V0 * 2*np.pi*R**2/eneo * umbo * sega

def nishati(k, kikomo):
    mawimbi = [(m, n) for m in range(-10, 11)
                      for n in range(-10, 11)
               if np.linalg.norm(k + m*b1 + n*b2) < kikomo*B]
    H = np.array([[V(p[0]-q[0], p[1]-q[1]) for q in mawimbi]
                  for p in mawimbi])
    for i, (m, n) in enumerate(mawimbi):
        H[i, i] += c*np.sum((k + m*b1 + n*b2)**2)
    return np.linalg.eigvalsh(H)
```

Tazama mstari wenye `if`. Tunachagua mawimbi kwa urefu wa k + G (k ni vekta ya wimbi la elektroni, na kikomo kinapimwa kwa urefu wa b₁), hatuchagui kwa G peke yake, wala hatuchukui tu kila m na n kuanzia −3 hadi 3.

Sababu ni hii. Mguso kwenye K unalindwa na mzunguko wa nyuzi 120. Ukizungusha wimbi la K + G kwa nyuzi 120, unapata wimbi jingine lenye urefu uleule, na ukizungusha tena unapata la tatu. Ni ndugu watatu. Orodha yako ikiwa na wawili na kumwacha wa tatu nje, umeuvunja ulinganifu kwa mkono wako mwenyewe, na kompyuta inakurudishia pengo kwa uaminifu kabisa.

Mraba wa m na n unaacha yatima wengi. Duara la |G| linaacha wachache zaidi, ila bado linaacha, maana kitovu chake ni Γ na si K. Duara la |k + G| haliachi hata mmoja.

Njia hii nayo ina gharama yake: idadi ya mawimbi inabadilika kidogo unapotembea kutoka k moja hadi nyingine, na kanda zinaweza kuonyesha vidaraja vidogo. Dawa ni kuongeza kikomo hadi vidaraja visionekane. Mimi naona ni afadhali vidaraja vya kuonekana kuliko pengo la kudanganya.

Tahadhari. Kikomo kisiangukie juu ya urefu halisi wa mawimbi. Kikitua pale pale, makosa ya tarakimu ya mwisho yataingiza ndugu mmoja na kumwacha mwingine. Kwa K, tumia 0.9, 2.1, 4.1 au 6.1.

Kipimo: ita `nishati((2*b1+b2)/3, 0.9)`. Upate namba tatu: −1.00, −1.00 na 0.65, zilezile za mkono. Kisha weka 4.1, ambapo mawimbi yanakuwa kama 60. Tofauti kati ya namba mbili za kwanza iwe chini ya meV 10⁻⁹ kwa kila kikomo, hata kile cha mawimbi matatu.

## Hatua ya 6: Ongeza mawimbi hadi namba zitulie

Nenda 0.9, 2.1, 4.1, 6.1 na uandike nishati ya nukta ya Dirac kila mara. Itashuka chini ya −1.00, halafu itapunguza mwendo. Tulia pale tarakimu ya tatu baada ya nukta inapoacha kubadilika.

Kuongeza mawimbi hakuwezi kamwe kupandisha nishati ya ukanda wowote, kwa sababu unampa elektroni uhuru zaidi wa kujipanga. Nishati ikipanda, usitafute fizikia mpya. Tafuta kosa, na mara nyingi liko kwenye V(m, n).

Ukingo wima wa kitone hufanya utulivu uje polepole. Ukiulainisha, utapata matokeo haraka, na visima halisi havina kingo wima hata hivyo.

## Hatua ya 7: Tembea Γ–K–M–Γ huku ukikanyaga K

Gawa njia vipande vitatu na uvipe kila kimoja `linspace` yake, ili K na M ziwe mwisho wa kipande. Ukigawa njia nzima kwa vituo sawa, K itaangukia kati ya vituo viwili.

Gharama yake inapimika. Kituo kilicho umbali δ kutoka K kinaonyesha nafasi ya 2ħv·δ, ħv ikiwa mteremko wa koni tutakaoupima hatua ya 8. Kwa latisi yetu ħv haizidi sana meV·nm 24, kwa hiyo kukosea K kwa 0.001 tu kwa nanomita kunazaa "pengo" la karibu meV 0.05. Kwa mfumo ambao nishati za kanda zake ni za meV chache tu, hilo linaonekana wazi kwenye mchoro.

## Hatua ya 8: Pima mteremko wa koni

Sogea kutoka K kwa asilimia 1 ya urefu wake, upande wa Γ na upande wa M. Chukua tofauti ya ukanda wa 2 na wa 1, igawanye kwa mara mbili ya umbali uliosogea. Hiyo ndiyo ħv. Pande zote mbili zitoe karibu namba moja.

Mawimbi matatu ya mkono yanatoa meV·nm 23.8, sawa na kasi ya mita 36,000 kwa sekunde. Vitone vikiwa na kina zaidi, elektroni zinakwama zaidi na mteremko unapungua. Katika grafini ya kaboni kasi hiyo ni karibu mita 1,000,000 kwa sekunde. Kama umepata namba ya karibu na milioni, huenda umeweka a ya kaboni na tungamo la elektroni huru mahali fulani.

Nguvu ya kuruka kutoka kitone hadi kitone ni t = 2ħv/(√3a). Mteremko wa meV·nm 20 unatoa t ya meV 0.23, ambayo kwa joto ni kama kelvini 2.7. Kwa hiyo latisi ya nm 100 inadai baridi kali na vitone vinavyofanana mno. Punguza a iwe nm 50, ukipunguza R kwa uwiano uleule na kuongeza V₀ mara 4, na nishati zote zinapanda mara 4. Haikushangaza kwamba kanda za Dirac zilizoripotiwa kwenye GaAs mwaka 2018 zilitoka kwenye latisi zenye a ndogo kufikia nm 50.

## Hatua ya 9: Fungua pengo kwa makusudi

Programu isiyoweza kuonyesha pengo la kweli haiaminiki inaposema hakuna. Fanya kitone A kiwe na kina cha meV 5.0 na kitone B meV 4.8. Mahali pa V₀·2cos(θ) weka V_A·e^(−iθ) + V_B·e^(iθ), θ ikiwa 2π(m+n)/3. Matriksi sasa ina namba changamano, na NumPy inaimudu bila mabadiliko mengine.

Kipimo: pengo lifunguke kwenye K. Fanya tofauti iwe 0.4 badala ya 0.2, na pengo liwe karibu mara mbili. Zirudishe sawa, lifungwe.

## Hatua ya 10: Weka elektroni

Kila ukanda unabeba elektroni 2 kwa seli, za spini mbili. Kiwango cha Fermi (nishati ambayo elektroni zimejaza hadi hapo) kinakaa kwenye nukta ya Dirac ukiwa na elektroni 2 kwa seli, yaani 1 kwa kila kitone. Msongamano ni 4/(√3a²): kwa nm 100 ni 2.31 × 10¹⁰ kwa sentimita ya mraba, kwa nm 50 ni 9.24 × 10¹⁰.

Ukichora wingi wa hali (idadi ya hali kwenye kila nishati) kwa gridi inayofunika eneo lote la mawimbi, utaona umbo la V likigusa sifuri kwenye nukta ya Dirac, na vilele viwili vinavyotokana na M. V isipofika chini, rudi kwenye sharti la V₁ la hatua ya 4.

Kumbuka pia kwamba hesabu hii haijui kuwa elektroni zinasukumana. Msukumano wa elektroni mbili zilizo kwenye vitone jirani, ndani ya GaAs, bila kitu cha kuukinga, ni karibu meV 1.9, mara kadhaa ya t. Jaribio lililochapishwa katika jarida la Science mwaka 2011, kwenye latisi ya sega ya GaAs yenye umbali wa karibu nm 130, lilikuta dalili za elektroni kusukumana. Kanda ulizochora ni mahali pa kuanzia, usizipeleke maabara kama utabiri wa mwisho.

## Pengo bado lipo?

Kama linapungua nusu unapoongeza vituo mara mbili, ni gridi: hatua ya 7.

Kama halibadiliki hata uongeze vituo na mawimbi, ni K isiyo K, au vitone vyako si pacha: hatua ya 2 na ya 3.

Kama linapungua unapoongeza mawimbi tu, ni uchaguzi wa mawimbi. Chapisha orodha yote uliyotumia kwenye K na uyapange kwa urefu wa K + G. Kila urefu uwe na idadi inayogawanyika kwa 3. Ule usiogawanyika ndio wenye yatima.